Mama Mizani na Mashine ya Kushoto

Asikudanganye mtu kwamba ili umjue bingwa, lazima na wewe uwe bingwa. Mama Mizani hajui kucheza sataranji. Namaanisha hajui. Farasi anajua anakorukia, malkia anajua hana mpaka, basi, elimu yake inaishia hapo. Kaka yake, muuza nyama, mtu ambaye mikono yake imezoea shoka tu, humfunga kila Jumamosi kabla chai haijapoa, kisha humcheka: "Na wewe ndiye unayewapanga mabingwa, dada?" Naye humjibu jibu lilelile: "Kaka, nimepima mchele miaka thelathini na mbili. Uliwahi kuniona nimekuwa mchele?"

Ni kweli. Alikuwa mkaguzi wa vipimo. Asubuhi alitoka na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba, kila jiwe limeviringishiwa kitambaa chake kama yai, akaingia sokoni, madukani, kwenye mashine za kusaga, akapima mizani za watu. Iliyo sawa aliigonga muhuri. Inayoiba aliitia lakiri nyekundu, na mwenye duka hakuwa na ruhusa ya kuigusa mpaka itengenezwe. Jina la Mama Mizani alipewa na wachuuzi, na msidhani walimpa kwa mapenzi. Akionekana tu kwenye kona, neno lilimtangulia, "Mama Mizani huyo!", na ghafla ungeona watu wazima na ndevu zao wanang'oa vipande vya nta walivyobandika chini ya vitanga vya mizani.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na hakuibadilisha kwa ajili ya mtu. Kwanza alichora mstari wa chaki sakafuni: mwenye mzigo nyuma ya mstari. Si kwamba wote ni wezi, la. Ila mwenye mzigo akisimama karibu, hata pumzi yake inapima. Halafu mizani ikianza kutulia, yeye mwenyewe aliweka mikono mgongoni akangoja. Na mwisho, jambo ambalo wakaguzi wavivu hawajisumbui nalo, aligeuza vitanga: mawe yaliyokuwa kushoto yakahamia kulia, mzigo uliokuwa kulia ukaja kushoto, akapima upya. Mizani ya haki husema lilelile. Ya uongo hujikanyaga yenyewe. Hilo la kugeuza vitanga mlishike, maana ndilo lililokuja kumwumbua.

Na huyo kaka anayemcheka Jumamosi, mjue hakucheka siku zote. Kuna mwaka zamu ya ukaguzi iliangukia bucha lake. Wateja wamejipanga, mizani ikavuta gramu themanini zaidi kwa kila kilo. Kaka akamkonyeza dada yake: pita. Dada hakupita. Aliibandika lakiri nyekundu mbele ya foleni nzima. Kaka hakumsemesha miaka mitatu. Hata kwenye msiba wa mama yao walitikisiana vichwa tu kama watu waliokutana benki. Dada alilia, tena sana, jikoni, mlango umefungwa. Kwamba baadaye watu walijaa kwenye bucha lile wakisema "hapa hata dada mtu hakumwonea huruma, hapa nyama ni kilo kweli", hiyo ni heri iliyokuja yenyewe. Siku anabandika hakuijua.

Alipostaafu, nyumba ikamshinda. Alimwambia jirani pazia lake limepinda sentimita mbili, jirani akanuna wiki nzima. Aliyemwokoa ni mkwe wake. Mume wa binti yake ni fundi umeme, mtu mpole, maneno yake ya kuhesabu, kutwa yuko juu ya ngazi kwenye dari za watu. Lakini jioni akishaoga hukaa kwenye kompyuta anatunga programu inayocheza sataranji. Aliiita Siafu. Siku moja mezani mama mkwe akamwuliza, "Na huyo Siafu wako, baba, ana nguvu?"

"Mimi nasema anazo, Mama. Lakini kila mtunzi anasema wa kwake ndiye mkali."

"Na nani anapima?"

"Hakuna. Kila mtu anampima wake nyumbani kwake."

Mama Mizani akaweka kijiko chini. "Loo! Mwamba ngoma huvutia kwake. Yaani ninyi watu wazima na hesabu zenu mnapimiana kwa maneno?"

Wiki haikwisha akawa ametaka kompyuta mbili pacha, zisizozidiana hata kidogo. Mkwe akampatia mbili zilizokuwa zinatupwa na ofisi fulani, akazipuliza vumbi, akaziunga kwa waya ili programu moja icheze upande huu na nyingine upande ule bila mkono wa mtu. Zikapangwa kwenye meza ndefu chumba cha mbele, moja kushoto, moja kulia. Mlangoni Mama Mizani akachora mstari wa chaki.

Hivyo ndivyo ilivyoanza Orodha, ya kupanga programu kwa nguvu zao. Utaratibu wake ulikuwa mkali kama alivyokuwa sokoni. Michezo mitatu ni bahati, alisema. Hata kaka yangu atamfunga bingwa mwenye homa. Kwa hiyo kila programu inacheza na kila mwenzake michezo arobaini. Hatua za mwanzo zinatoka kwenye daftari lake, si kwenye vichwa vya programu, ili asiwepo anayepita njia aliyoikariri. Na kwa kuwa mweupe ndiye anayeanza, na anayeanza ana nafuu kidogo, kila mwanzo unachezwa mara mbili, aliyekuwa mweupe anakuwa mweusi. Ushindi alama moja, sare nusu, kufungwa sifuri. Anaandika kwa kalamu, ingawa mashine zenyewe zinaandika. Miaka minne hivyo, mpaka watunzi wa nchi ambazo hawezi kuzionyesha kwenye ramani wakawa wanamtumia kazi zao, na chama chao kinachofanya mashindano kila mwaka kikaamua: wanaoalikwa ni wanane wa juu kwenye Orodha ya yule mama. Walimwamini kwa sababu hatungi, hachezi na hapendelei. Hata juu kabisa ya Orodha aliandika kwa maneno yasiyoficha: Siafu ni wa mkwe wangu, anapimwa kama wengine.

Msimu huu ninaousimulia, mambo mawili yaliingia nyumbani kwa pamoja. La kwanza ni Kobe. Huyu ni programu mpya, kazi ya mwalimu wa hesabu wa sekondari, mbali huko, mtu ambaye Mama Mizani hajawahi kumwona wala kusikia sauti yake. La pili ni binti yake mwenyewe, fundi cherehani. Jengo alilokuwa amepanga kwa kazi lilikuwa linabomolewa, akaomba kibanda chake kihamie chumba cha mbele cha mama kwa miezi michache. Mama angekataaje? Cherehani ikawekwa dirishani, na meza ya kupigia pasi ikapata nafasi iliyobaki, kati ya mlango na mashine ya kushoto. Mstari wa chaki ukasogezwa kidogo. Binti si mwenye mzigo, alijiambia Mama Mizani, mwenye mzigo ni mumewe.

Kobe akapimwa siku kumi, kuanzia Jumapili moja mpaka Jumanne ya wiki iliyofuata. Kila siku alicheza michezo minne na kila mmoja wa wale kumi na mmoja waliokwisha kuwa kwenye Orodha, asubuhi mpaka alasiri. Kama ilivyo desturi, mgeni alikaa mashine ya kushoto, wenyeji kulia. Mwisho wa siku kumi Kobe akatoka wa tisa. Wa nane, kwa tofauti ndogo, ni Siafu.

Wa nane! Mnaelewa maana yake? Miaka minne Siafu amekuwa wa kumi, wa tisa, wa tisa tena, mlango anauona lakini haingii. Barua ya mwaliko ilipofika, fundi umeme aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Mashindano yalikuwa nchi ya mbali. Mtu huyu hajawahi kupanda ndege, na siku ya harusi yake alivaa koti la kuazima. Mkewe alikwenda akachagua kitambaa cha buluu iliyokoza, akatandaza futi, akakata suti. Kila alipopita Mama Mizani alimwona binti yake ameinamia kitambaa kile, pini mdomoni, anaimba kwa pua. Pasi ikifuka mvuke kutwa. Hakuwa amemwona na furaha ile tangu alipojifungua.

Ndipo ikaja barua pepe ya mwalimu. Ilikuwa fupi. Alishukuru kwa Orodha, kisha akaandika: "Huku kwangu, kwenye mashine ya aina hiyohiyo, Kobe akifikiri sekunde kumi huona hatua kumi na nne mbele. Katika michezo mliyonitumia mara nyingi aliishia kumi na mbili. Huenda nimekosea mimi. Nisameheni kwa usumbufu."

Mama Mizani akasonya. Kila mwenye mzigo mwepesi hulaumu mizani, hilo si geni. Akaifunga ile barua, akaenda kupika, akachambua maharage, akayachambua tena maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Kulikuwa na sentensi inamkereketa. Huenda nimekosea mimi. Miaka thelathini na mbili, wachuuzi wamemtukana, wamembembeleza, mmoja alijifanya amezimia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia huenda amekosea yeye.

Akarudi kwenye daftari. Akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya: akaacha kuhesabu Kobe kacheza na nani, akahesabu kacheza lini. Kila siku ilikuwa na wapinzani walewale, kwa hiyo siku zote zilipaswa kufanana. Jumatatu alama kumi na tano kati ya arobaini na nne. Jumanne kumi na nne. Jumatano kumi na sita. Hivyo hivyo. Ila Jumapili ya kwanza, ishirini na mbili. Jumapili ya pili, ishirini na tatu.

Jumapili kuna nini? Kobe ni mcha Mungu? Mama Mizani akainua uso. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Binti yake alikuwa anapiga pasi mkono wa lile koti la buluu, na Jumapili, kila Jumapili, binti yake hashoni. Akainuka polepole, akaweka kiganja kwenye ubavu wa mashine ya kushoto. Akakiondoa haraka. Akagusa ya kulia. Baridi, yaani ya kawaida.

Mashine hizi zikishikwa na joto kali hujipunguza mwendo zenyewe zisiungue. Hilo mkwe wake alimweleza zamani. Siku nane Kobe amefikiri huku anachomwa ubavu, na wenzake wamekaa kivulini. Na yeye? Yeye alibadilisha weupe na weusi, akajiona amegeuza vitanga. Weupe na weusi si vitanga! Vitanga ni mashine. Hakuzibadilisha hata mara moja, kwa sababu zilikuwa pacha, kwa sababu alizichagua mwenyewe. Mambo aliyowakatalia wauza dagaa miaka yote, ya kusema "hii mizani naijua mimi", ndiyo aliyoyafanya. Mganga hajigangi, wahenga walisema, na siku ile Mama Mizani alikaa kwenye kigoda akaona aibu mpaka masikio yakamwasha.

"Mama, unaumwa?" binti akauliza.

Angeweza kusema ndiyo. Akapiga moyo konde, akaeleza yote, akimwonyesha daftari. Binti alisikiliza pasi mkononi, halafu akaisimamisha.

"Kwa hiyo unasema nimembeba mume wangu kwa pasi?"

"Sisemi umefanya, mwanangu. Nasema imetokea."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi hakuna anayejua." Binti alishusha sauti, akawa kama anambembeleza mtoto. "Mama. Mwalimu mwenyewe amesema huenda kakosea yeye. Hajalalamika. Msimu ujao utampima vizuri, atapanda. Mwache mume wangu aende mara moja tu. Mara moja."

"Ndiyo maana inaniuma. Angelalamika ningepata nafuu."

"Watu watasema tulikula njama! Binti na pasi, mama na daftari. Umeyafikiria hayo?"

"Nimeyafikiria."

"Na bado?"

Mama Mizani akafunga daftari, na ufungaji ule binti yake aliujua tangu utotoni. Macho yakamjaa. "Wewe huna damu, Mama," akasema. "Una shaba." Akachomoa pasi, akakunja kitambaa cha buluu, na kabla ya adhuhuri cherehani, meza, uzi na chaki vilikwishabebwa kwenda kwake, mitaa miwili mbele. Chumba kikabaki kimya. Nani aseme neno hilo halikumchoma? Lilimchoma. Alikaa akiwaza miaka mitatu ya kaka yake, akajiuliza binti atachukua mingapi, na yeye ana umri gani.

Lakini mkaguzi humwambia mwenye duka kabla ya kubandika lakiri, hiyo ni heshima ya kazi. Alivaa viatu, akamtafuta mkwe wake, akamkuta kwenye korido ya zahanati, juu ya ngazi, kichwa kiko ndani ya dari. Alipomaliza kumweleza akiwa pale chini, kichwa kikatoka darini. Kisha fundi akashuka, akajifuta mikono.

"Jumapili alipata ngapi, Mama?"

"Ishirini na mbili. Ile nyingine ishirini na tatu."

"Na Siafu kwa siku?"

"Kumi na nane."

Fundi akaitazama koleo yake. Mtu akiwa anaizika safari moyoni huwa anatazama kitu chochote kilicho karibu. "Basi yule mwalimu hakuwa na haja ya kuomba radhi," akasema. "Rudia, Mama. Nitakuja kuzihamisha mashine zisi..."

"Usije, baba. Mwenye mzigo nyuma ya mstari."

"Ah." Akatabasamu kidogo, nusu ya mdomo. "Kweli." Akapanda tena ngazi.

Mama Mizani alitembea kurudi nyumbani. Mvulana huyu! Siku alipokuja kuposa alimwona mnyonge, hana kauli, akamhurumia binti yake. Akajisemea njiani kwa sauti, mpaka muuza magazeti akageuka: "Macho yangu na yenyewe yanataka kukaguliwa."

Jioni ileile alituma barua kwa chama na kwa watunzi wote. Haikuwa na visingizio. "Orodha ya mwezi huu ni batili. Mashine ya kushoto ilikuwa inapata joto, nami sikugeuza vitanga. Kosa ni langu peke yangu. Nipeni siku kumi." Chama kikampa. Wengine waliandika maneno machungu, na mmoja aliandika lile ambalo binti alilitabiri, la pasi ya familia. Hakumjibu.

Siku kumi. Safari hii kila mwanzo ulichezwa mara nne: mweupe kushoto, mweupe kulia, mweusi kushoto, mweusi kulia. Yeye amekaa, mikono mgongoni kila mchezo ukielekea ukingoni. Asichokitegemea ni jinsi alivyoikosa sauti ya cherehani. Alikuwa akiilalamikia kutwa, eti inamvuruga hesabu, na sasa alijikuta anageukia dirishani kila robo saa.

Siku ya kumi Kobe akawa na alama mia mbili ishirini na tatu. Wa saba. Aliyekuwa wa saba akashuka wa nane. Siafu, wa tisa.

Aliiandika tisa ile kwa mwandiko mzuri kuliko namba nyingine zote kwenye ukurasa. Akatuma. Mwalimu wa hesabu akaenda kwenye mashindano, akawa wa tano, akarudi akamwandikia Mama Mizani barua ndefu ambayo hakuisoma mpaka mwisho kwa sababu macho yalilowa.

Nyumbani kwa binti, suti ilitundikwa nyuma ya mlango, mkono mmoja umeshonwa, mwingine umeshikizwa kwa uzi mweupe. Binti alikuja kumsalimia mama yake, hakuacha, adabu anayo. Lakini ilikuwa shikamoo kavu, ya mlangoni, kikapu mkononi. Wiki ya kwanza, ya tano, ya nane. Mama aliitikia marahaba, akamtazama anavyoondoka.

Kilichotokea buchani Mama hakuambiwa, nilikisikia mimi kwa waliokuwa kwenye foleni. Binti alikwenda kununua nyama, mjomba wake akaipima, akaifunga, asiitoe. "Mwanangu," akasema, "mimi nilikaa miaka mitatu. Nilikuwa na haki yangu yote, tena niliilinda vizuri. Ukitaka kujua ilikuwa mirefu kiasi gani, niulize. Mama yetu alizikwa humo katikati." Kisha akampa nyama. Binti akaondoka nayo. Alisahau chenji yake kaunta.

Jumamosi moja asubuhi, mwezi wa tatu tangu siku ile, Mama Mizani alikuwa anafuta vumbi kwenye meza ndefu aliposikia hodi. Wamesimama wawili mlangoni. Fundi umeme amevaa suti ya buluu, mikono yote miwili imeshonwa, imemkaa kama alizaliwa nayo. Kwa mbali kote ilikokusudiwa kwenda, suti ile imefika mitaa miwili tu. Kiganjani ameshika flashi.

"Shikamoo, Mama. Nimeleta mzigo."

"Marahaba, baba. Siafu?"

"Nimemtengeneza upya. Kwenye ile michezo na Kobe niliona anapokosea. Askari wakibaki wachache anaogopa kumtoa mfalme wake, anamficha tu pembeni. Sasa sijui kama amepona." Akasita. "Mpime kama wa mtu baki."

"Nitampima kama wa mtu baki."

Alipokea flashi, na hapo ndipo alipoona kwamba mstari wa chaki mlangoni ulikwisha kufutika. Miezi yote ile hakuwa na moyo wa kuuchora upya. Kabla hajasema neno, binti yake alitia mkono mfukoni mwa aproni yake ya kazi, akatoa chaki ya kushonea, akainama. Akachora mstari kutoka fremu hadi fremu, umenyooka kama wa kukatia kitambaa. Akasimama nyuma yake, kando ya mumewe.

"Endelea, Mama," akasema.

Mama Mizani akageuka haraka kwa sababu uso haukumtii. Akaweka Siafu kushoto, Kobe kulia, akafungua daftari kwenye mwanzo wa kwanza, akabonyeza. Na nisiwafiche: alimtaka Siafu ashinde. Alimtaka kwa moyo wote, kwa ajili ya ile suti. Akaweka mikono mgongoni, akaibana.

Dakika kumi hazikupita, tano kila upande, mfalme wa Siafu akatoka, akaenda katikati ya ubao kama alivyofunzwa, akabanwa hukohuko. Kobe ameshinda. Mama Mizani akachukua kalamu, akaandika sifuri, ya duara, safi, isiyo na shaka.

Nyuma yake akasikia sauti ya binti yake, laini, kama anamkumbusha kitu alichokiacha jikoni.

"Haya Mama, geuza vitanga."